Injini Imezimwa, Presha Bado Ipo

Ekskaveta ya tani 20 ikipasua mpira wa haidroliki saa nne asubuhi, shughuli nzima ya saiti inasimama. Malori ya kokoto yanapanga foleni, madereva wanashuka kuuliza kulikoni, na mwenye mtambo anapiga simu kila baada ya dakika kumi, maana mtambo umekodishwa kwa saa na saa ya kusimama hailipwi. Fundi anafika kwa bodaboda, begi la spana mgongoni, na kabla hajalitua ameshaulizwa: itachukua muda gani? Kwa maoni yangu swali hilo limewaumiza mafundi wengi kuliko kutojua kazi. Kazi wengi wao wanaijua. Wanajua mpira upi unakwenda wapi, na wanaitambua sili iliyokufa kwa kutazama tu mafuta yanavyochuruzika. Wanachoruka ni ile robo saa ya kwanza, kabla spana haijagusa nati, ambayo machoni pa anayesubiri inaonekana kama fundi hafanyi kitu.

Makala haya ni ya kuitetea robo saa hiyo. Nayaandika kwa fundi na saidia fundi wake, kwa opareta, na kwa mwenye mtambo anayepiga simu.

Injini ikizimwa kelele inakwisha, na mtu hudhani nguvu nayo imekwisha. Bado ipo. Ipo kwenye mafuta yaliyofungiwa ndani ya mipira na silinda, ipo kwenye uzito wa bumu, mkono na ndoo vilivyoachwa juu, ipo kwenye gesi ya naitrojeni ndani ya akumuleta, na ipo kwenye springi kubwa inayokaza cheni. Kila moja ina namna yake ya kutulizwa. Ukiituliza moja, nyingine tatu zinabaki vilevile zilivyokuwa.

Nianze na mafuta, kwa sababu ndiyo fundi anayoyagusa kila siku na ndiyo aliyoyazoea mno. Ekskaveta za daraja la tani 20, hizi tunazoziona kwenye machimbo ya kokoto, kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita na Chunya na kwenye miradi ya barabara, nyingi hufanya kazi kwa presha ya bar 350 hivi, yaani takribani psi 5,000. Tairi la gari dogo hujazwa psi thelathini na kitu. Silinda yenye kipenyo cha milimita 120 ikipokea bar 350 inasukuma kwa nguvu inayokaribia tani 40. Nguvu hiyo ndiyo inayokungoja nyuma ya nati ya mpira ambao haujatolewa presha.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Wanazima injini, wanatoa ufunguo, kisha wanachezesha leva huku na huku na kuamini kwamba presha imetoka. Kwenye mitambo mingi, leva anazozishika opareta haziyasukumi mafuta makubwa moja kwa moja. Zinapitisha mafuta ya kuamrisha, yenye presha ndogo ya bar thelathini na kitu, nayo ndiyo yanayokwenda kufungua vali kubwa. Njia ya mafuta hayo inalindwa na vali ya umeme. Ufunguo ukiwa umetolewa, au leva nyekundu ya usalama iliyo kushoto mwa kiti ikiwa imefungwa, njia imeziba. Unachezesha leva tupu, na kule kwenye silinda presha iko palepale.

Utaratibu unaofaa kwenye mitambo mingi ni huu. Egesha mahali tambarare penye ardhi ngumu. Shusha bumu, mkono na ndoo mpaka vilale chini kabisa, bila kuukandamiza udongo. Iache injini ilie polepole kwa dakika chache ili turbo ipoe, kisha izime. Hapohapo, bila kwenda kunywa chai kwanza, rudisha ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha umeme bila kupiga stata, fungua ile leva nyekundu, halafu sukuma leva zote mbili pande zote, mbele, nyuma, kushoto, kulia, mara kadhaa, pamoja na pedali za kutembelea na pedali ya nyundo ya mwamba kama mtambo unayo. Hapohapo, kwa sababu kinachofungua zile vali kubwa wakati injini imezimwa ni akiba ndogo ya mafuta iliyotunzwa na akumuleta, na akiba hiyo hupungua kadiri muda unavyokwenda. Ukimaliza, funga leva nyekundu, zima umeme, toa ufunguo. Kisha nenda kwenye tangi la mafuta ya haidroliki. Matangi mengi nayo hukaa na presha ya hewa ndani, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kupumulia kilicho juu yake mpaka usisikie tena hewa ikitoka, ndipo ufungue kifuniko taratibu.

Baada ya yote hayo bado nati ya kwanza ilegezwe kama vile hujafanya lolote. Simama pembeni, uso usiwe kwenye mstari wa kiungo, funika kiungo kwa tambara zito, legeza nusu mzunguko, subiri, utikise mpira kidogo. Mafuta yakichuruzika na kukatika, endelea. Yakija kwa nguvu na hayaonyeshi dalili ya kupungua, kaza, urudi mwanzo wa utaratibu. Kumbuka pia kwamba mtambo uliotoka kazini mafuta yake yanaweza kuwa na joto la nyuzi 80 au zaidi, na yakimwagika ndani ya buti yanaondoka na ngozi.

Taratibu hizi hutofautiana kati ya mtambo na mtambo, hasa hii mipya ambayo leva zake hutuma umeme badala ya mafuta. Kitabu cha mtambo husika ndicho kinachosema mwisho. Mitambo mingi iliyotumika hutufikia kutoka Japani na vibandiko vyake vya tahadhari vimeandikwa Kijapani, na watu huvizoea kama mapambo. Simu yenye kamera siku hizi inatafsiri maandishi hayo kwa sekunde chache. Vipige picha vyote siku mtambo unapofika, uliza kila kimoja kinasema nini, kisha mwenye kalamu ya rangi aandike Kiswahili chake pembeni.

Sasa nizungumzie jambo ambalo ningependa kila kibarua wa gereji alijue hata kama hatajua lingine. Mpira ukiwa na tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka humo kwa kasi ambayo jicho haliioni. Pengine utaona ukungu tu, au unyevu upande wa pili. Mtu akipitisha kidole kutafuta panapovuja, mafuta yanaingia ndani ya ngozi. Si lazima yawe na bar 350. Hata bar 7 tu zimetajwa kuwa zinatosha kutoboa ngozi. Hali hii ilielezwa kwenye jarida la kitabibu la Marekani tangu mwaka 1937, kwa mtu aliyechomwa na mafuta ya injini ya dizeli, na tangu wakati huo hadithi ni ileile: alama ni nukta nyekundu, damu haitoki au ni tone moja, maumivu ya mwanzo ni madogo. Majeruhi anafuta mkono na kuendelea na kazi. Ndani, mafuta yamekwisha kupenya kwenye njia za kano na mishipa. Baada ya saa chache kidole kinavimba na kukakamaa, kinakufa ganzi, kinabadilika rangi. Usiku ule hatalala.

Jeraha hili hutibiwa kwa upasuaji, nao hufanywa mapema. Daktari hulifungua, husafisha mafuta na kuondoa nyama iliyokufa. Uchambuzi mmoja wa majeruhi zaidi ya 400 wa aina hii uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba takribani watatu katika kila kumi waliishia kukatwa kiungo, na saa 6 za kwanza zimekuwa kipimo ambacho wapasuaji wanakitaja mara kwa mara. Ukizijumlisha saa za kusitasita, za kumtafuta bosi na za barabara, utaona kwamba fundi wa kijijini hana hata moja ya kupoteza.

Kwa hiyo tundu litafutwe kwa kipande cha boksi au ubao mrefu, mtu akiwa amevaa ngao ya uso na glavu, naye asimame mbali kadiri ubao unavyomruhusu. Boksi litaloa au kukatwa, na hapo utajua. Glavu haziizuii sindano ya mafuta. Zinakulinda na joto tu, basi. Na ajali ikitokea, usikamue, usikande kwa maji moto, usifunge kamba juu ya jeraha, usimpe majeruhi chakula wala kinywaji kwa sababu huenda akatiwa dawa ya usingizi. Inua mkono, anza safari. Piga picha ya lebo ya dumu la mafuta mwende nayo, maana daktari atataka kujua ni mafuta gani. Zahanati ya jirani ikitaka kuweka plasta na kutoa dawa ya maumivu, sema kwa sauti na urudie: mafuta ya mtambo yameingia ndani kwa presha kubwa, anahitaji daktari wa upasuaji. Saiti ijue mapema hospitali ipi ina daktari huyo. Kwa walio Dar es Salaam ni taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, kwa walio Kaskazini KCMC, kwa walio Kanda ya Ziwa Bugando, jijini Mwanza. Na kwa wa Geita safari ya Mwanza haingoji tena kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025. Andika namba ya gari litakalotumika ukutani mwa kontena la stoo.

Uzito nao hauna subira. Bumu, mkono na ndoo ya mtambo wa tani 20 kwa pamoja ni zaidi ya tani 3, na kinachovishikilia vikiwa juu ni mafuta peke yake. Sili zikiwa zimechoka, vinashuka kidogokidogo. Mpira ukilegezwa, vinashuka kwa mara moja. Usipite wala kukaa chini ya bumu lililoinuliwa, hata kwa kitambo cha kuokota spana. Kama kazi yenyewe inalazimu libaki juu, liegemezwe kwa stendi za chuma zilizotengenezwa kubeba uzito huo, au kwa mataruma ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kupishana, safu hii ikielekea huku na inayofuata ikielekea kule, juu ya ardhi isiyozama. Tofali na bloku za saruji hazifai kabisa. Zinapasuka bila kutoa ishara. Jeki ya lori ni ya kuinulia. Haikutengenezwa kushikilia mzigo wakati mtu yuko chini.

Mtihani mgumu ni pale mtambo unapokufa bumu likiwa hewani. Injini haiwaki, au pampu imekatika, na chini yake kuna barabara au mtaro unaotakiwa kuendelea. Hapo ndipo nimeona watu wenye akili timamu wakishauriana kulegeza mpira wa silinda ya bumu ili lishuke lenyewe. Msifanye hivyo. Mnaachia tani 3 zishuke kwa mwendo msioudhibiti, na wakati huohuo mnafungua mafuta yenye presha mbele ya uso wa mtu. Mitambo mingi ina njia ya dharura. Kwenye baadhi, umeme ukiwashwa kwa ufunguo na leva nyekundu ikafunguliwa, ile akiba ya akumuleta inatosha kushusha bumu kwa leva ya kawaida mara moja au mbili, uzito wake wenyewe ukilivuta. Kwingine kuna skrubu maalumu kwenye vali kuu, au kwenye vali ya kuzuia kuporomoka iliyo juu ya silinda, ambayo kitabu kinaeleza izungushwe kiasi gani. Yote hayo yakishindikana, bumu lishikwe kwanza kwa kreni au liegemezwe kwa mataruma, ndipo fundi aguse kitu. Nusu siku ya kungoja kreni ni gharama kubwa, nakubali. Bado ni ndogo.

Hiyo vali ya kuzuia kuporomoka, kwa mitambo iliyo nayo, ina jambo moja la kukumbuka. Kazi yake ni kuyashika mafuta ndani ya silinda hata mpira ukipasuka. Maana yake ni kwamba unaweza kufungua mpira, ukaukuta umelegea na mkavu, ukajiambia presha imekwisha, kumbe upande wa pili wa vali silinda imejaa. Dawa ni ileile: bumu, mkono na ndoo vilale chini.

Pini za ndoo na za mkono zinataka maneno yake. Pini ikitoka, kilichokuwa kimeshikwa kinabingirika au kinaanguka, na ndoo ya kilo 800 hailazimiki kuanguka kutoka juu ili ivunje mguu. Ilaze ndoo kwa namna ambayo pini ikiondoka haitajisogeza, iwekee kabari pande zote mbili, na usiingize kidole kwenye tundu kutazama kama limenyooka na bushi. Tumia kipande cha chuma chembamba au tochi. Anayepiga nyundo avae miwani ya kazi, na anayemtazama pia. Pini ni chuma kigumu, nyundo ni chuma kigumu, na kipande kinachomeguka kati yake huruka kama risasi. Weka shaba au chuma laini katikati, upige hapo.

Nakuja sasa kwa binadamu. Katika kazi hii kuna mtu mmoja ambaye hana nia mbaya na anaweza kumuua fundi kwa sekunde moja, naye ni opareta anayepanda kiti kusogeza mtambo kidogo bila kujua kwamba kuna mtu kati ya cheni na uzito wa nyuma. Sehemu ya juu ya ekskaveta inazunguka, ya chini imetulia, na nafasi kati yake ni nyembamba. Mtu aliyejipenyeza pale kugusa mota ya kuzungushia hana pa kukimbilia. Kwa hiyo ufunguo wa mtambo unaotengenezwa ukae mfukoni mwa fundi. Usiachwe kwenye swichi, wala usikabidhiwe kwa opareta amshikie. Mitambo mingi ina swichi kuu ya betri. Izime, na kama ina tundu la kufuli, itie kufuli. Kwenye leva funga kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI, na jina lake. Mafundi wakiwa wawili, kufuli ziwe mbili. Aliyefunga ndiye anayefungua. Kama ameondoka, apigiwe simu arudi.

Sipendi kisingizio kwamba mambo haya ni ya migodi mikubwa yenye maofisa wa usalama. Kufuli ya sokoni na kipande cha boksi la sabuni vinatosha.

Kuna vipimo vinavyolazimu injini iwake, kama kupima presha au kutazama silinda inayoteleza. Hapo mmoja tu ndiye atoe ishara, na opareta asimtii mwingine hata akiwa bosi. Ishara zikubaliwe kabla injini haijawashwa, kwa mkono, kwa kuwa sauti haisikiki. Fundi asimame mahali opareta anamwona, nje ya duara ambalo bumu na uzito wa nyuma vinaweza kulifagia. Akitoweka machoni, opareta aondoe mikono kwenye leva, afunge leva nyekundu, angoje mpaka amwone tena. Watoto, wauza maandazi na wapita njia wasogezwe kwa kamba; saiti zetu nyingi ziko katikati ya makazi, na mtambo mbovu huvuta watazamaji.

Naitrojeni na springi havigusi fundi kila siku, na ndiyo sababu vinamkuta hajajiandaa. Chukua cheni kwanza. Inakazwa kwa kusukuma grisi ndani ya silinda inayobanana na springi kubwa, na kulegezwa kwa kufungua vali ndogo ubavuni. Grisi iliyo humo ina presha kubwa. Vali ifunguliwe taratibu, na watengenezaji wengi huonya isizidi mzunguko mmoja hivi, kwa sababu ikitoka yote inaruka pamoja na grisi kama risasi ya bunduki. Simama pembeni, kamwe usiwe mbele yake, wala usiinamishe uso kuchungulia kama grisi imeanza kutoka. Ikigoma kutoka, usiendelee kufungua. Sogeza mtambo mbele na nyuma kidogo, ndipo ujaribu tena. Na ile springi yenyewe, iliyobanwa kwa tani nyingi, isifunguliwe chini ya mwembe. Inataka mashine ya kubania iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Peleka kwenye karakana iliyo nayo, au nunua iliyo kamili.

Akumuleta na nyundo ya mwamba hujazwa naitrojeni, na hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao: naitrojeni tu. Mtungi wa oksijeni uko karibu kila gereji kwa ajili ya kuchomelea. Naitrojeni iko mbali na inauzwa. Kishawishi cha kuazima oksijeni ni kikubwa kwa mtu asiyejua kinachotokea. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka bila cheche yoyote. Hakuna kiasi kidogo kilicho salama, na hewa ya kompresa nayo haifai kwa sababu ina oksijeni ndani yake. Kabla ya kufungua sehemu ya nyuma ya nyundo ya mwamba au akumuleta, gesi itolewe kwanza kwa kifaa chake na mtu aliyefundishwa. Usiichomelee akumuleta, usiitoboe, usiitupe kwenye vyuma chakavu ikiwa na gesi. Atakayeikata huko ni kijana mwingine asiyejua.

Kuchomelea kwenyewe kuna sheria zake. Mpira au bomba lenye mafuta likipata moto wa karibu linapasuka na kunyunyiza mafuta yanayowaka. Funika mipira au iondoe, toa betri, kompyuta ya mtambo itenganishwe, na kibanio cha eathi kikae karibu na unapochomelea ili umeme usipite kwenye beringi kubwa ya kuzungukia na kuila. Silinda iliyofungwa pande zote isipashwe moto hata kidogo. Unapotoa betri, anza na waya wa hasi, na unaporudisha umalizie na huo. Na hata pasipo kuchomelea, kifuniko cha rejeta kingoje injini ipoe. Ngazi na jukwaa vifutwe mafuta kabla mtu hajapanda. Kuanguka kutoka juu ya mtambo kunavunja nyonga kama ajali nyingine yoyote.

Kwako mwenye mtambo. Mpira wa kuunga, uliookotwa kwenye mtambo uliokufa, ndio unaomrudisha fundi saiti wiki ijayo, na safari ile huenda ndiyo ikamwumiza. Mpira wa presha unapimwa kwa tabaka za waya zilizo ndani yake. Wenye tabaka mbili hauwezi kushika nafasi ya wenye tabaka nne za kuzungushwa, hata kama unene wa nje na nyuzi za nati vinafanana. Weka akiba ya mipira ile inayopasuka mara kwa mara, hasa ya bumu, ukiwa umeipima na kuibana mapema. Hapo ndipo unapookoa saa zako, na fundi unamwachia robo saa yake. Sheria nayo ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, Kenya ina yake ya 2007, na zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa pia kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ukimwita fundi wa siku moja bila mkataba wala miwani, ujue kwamba akipoteza jicho familia yake itakuja mlangoni kwako, na itakuwa na haki ya kuja.

Nawe kijana unayejifunza: ukiambiwa uingie chini ya bumu lisiloegemezwa, kataa. Useme kwa adabu, umwite mkubwa wako kwa heshima yake, lakini ukatae. Fundi wa kweli hatakufukuza kwa hilo. Na anayekufukuza kwa hilo hakuwa na cha kukufundisha.

Kazi ikishakwisha, usikimbilie kumkabidhi opareta. Hesabu spana, ondoa mataruma, hakikisha watu wote wametoka kwenye duara, kila mwenye kufuli afungue yake. Injini iwashwe na iachwe ilie polepole, leva zisogezwe taratibu bila mzigo mara kadhaa ili hewa iliyoingia itoke, maana silinda yenye hewa huruka ghafla. Zima tena, toa presha tena, kagua viungo, ongeza mafuta. Kisha chukua ule mpira uliopasuka, ukate vipande viwili kabla hujautupa, asije mtu jioni akauokota, akautia nati mpya na kuurudisha kwenye mtambo mwingine.